Shangazi wa Maua: Majani yanapukutika huko nje, ndani tupambe na nini?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa nyie mlioko nchi za baridi, na karibu zote zinazunguka hapo hapo, miti imeanza kugeuka rangi, majirani wameshapamba milango, na nyie mnataka nyumba zenu zipendeze ila hamjui muanzie wapi. Nimechagua saba. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu limebeba maswali ya wengi.

Shangazi shikamoo. Niko Columbus, Ohio, mwaka huu ndo tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe. Majirani wote wameweka maua na maboga kwenye ngazi za mbele, kwangu kupo kutupu. Alafu Siku ya Shukrani ndugu wa mume wangu wote wanakuja kula kwangu. Nataka mlangoni pawe na kitu na meza ipendeze, ila hela ya kuchezea sina. – Mama Wawili, Columbus

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa nyumba, Mungu awajalie muishi humo kwa amani.

Yale maua ya kwenye ngazi unayoyaona kila nyumba ni krisantemu, dukani kwenye kibao utakuta yameandikwa mums. Ni ukoo mmoja na pareto, kwahiyo kama wewe ni wa Mufindi au Molo au Musanze hayo ni ndugu wa zao la nyumbani. Yanachanua kipindi hiki kwa sababu usiku unarefuka, mmea unasoma giza, giza likizidi ndo unatoa matumba. Sasa ukienda kununua usichukue chungu ambacho maua yote yameshafunguka hata kama ndo kinachovutia macho, chukua kile ambacho matumba mengi bado yamefumba na yanaonyesha rangi kidogo tu, hicho utakaa nacho wiki kadhaa, kile kingine ukifika nyumbani kimeshaanza kuzeeka. Mizizi yake iko juu juu na imebanana kwenye chungu, inakauka haraka mno, nyanyua chungu kila siku, ukikiona chepesi mwagia maji chini kwenye udongo na sio juu ya maua. Usiku wa baridi kali funika na shuka la zamani au ingiza ndani mpaka asubuhi.

Maboga nunua mazima na uyaache mazima. Boga zima likikaa pakavu penye ubaridi linamaliza mwezi na zaidi, ukilichonga tu ndani ya wiki limeshaoza na wadudu juu. Na hapa naomba mnisikilize wote maana najua sisi boga hatulioni pambo, tunaona chakula: vile vibuyu vidogo vidogo vyenye vipele na michirizi ya kijani na njano, vinavyouzwa kwenye kikapu kwa ajili ya mapambo, msivipike. Vina uchungu ambao ni sumu kweli, tumbo litakusumbua vibaya. Boga la chungwa la kawaida linalika, ingawa yale makubwa ya kuchonga yamejaa maji na hayana utamu wowote, mi nakushauri ukitaka la kula nunua dogo gumu, na pambo liache liwe pambo.

Sasa meza. Watu wengi wanaenda kununua bunda moja kubwa la gharama wanaliweka katikati, limesimama juu, alafu watu wanakula hawaonani nyuso. Kwenye meza ya chakula mpangilio uwe chini, mtu aliyekaa aweze kumwona wa upande wa pili bila kuinamisha kichwa. Mi ningekuambia usitafute hata vesi kubwa, tafuta vyombo vitatu au vitano vidogo, mitungi ya jemu iliyooshwa, glasi, birika la zamani, vipange kwenye mstari katikati ya meza na maboga madogo hapo kati kati. Nenda supamaketi siku mbili kabla, nunua bunda moja la alizeti ndogo, moja la krisantemu za kukata, na kama wanayo moja la mchicha. Ndio, mchicha, kuna aina inaning'inia mashuke marefu mekundu mpaka chini ya meza, wapangaji wa maua wa Ulaya na Marekani wanaitafuta sana msimu huu, na ni ndugu wa damu wa huu tunaochuma na kukaanga. Gawanya kila kitu katika vile vyombo. Rangi usichanganye zote, chagua ukoo mmoja, aidha njano na chungwa na kahawia, au zambarau na damu ya mzee na waridi iliyopauka, ukishaanza kuweka na nyeupe na bluu na kila kitu mezani panakuwa na kelele.

Majani usiyasahau. Mpangilio wa msimu huu unabebwa na majani na matawi na nyasi kavu kuliko maua yenyewe, na hivyo vipo bure uani kwako. Anza na majani kwanza yatengeneze umbo, alafu maua makubwa machache, alafu vidogo vidogo kujazia. Na acha nafasi ua lipumue, usishindilie.

Shangazi, maua yangu hayamalizi siku tatu. Nanunua waridi za rangi ya chungwa, naziweka kwenye meza ya jikoni karibu na kapu la matunda panapendeza kweli, siku ya pili zimeinamisha vichwa. Mwenye duka nimemlaumu mpaka basi. Nifanyeje? – Bi Salma, Leicester

Bi Salma, hilo kapu la matunda lihamishe leo hii.

Unajua nyumbani tunavyovundika ndizi, unazifunika na moja iliyoiva ili zilizobaki ziive haraka? Kinachofanya kazi pale ni hewa inayotoka kwenye tunda linaloiva, inaitwa ethilini. Hewa hiyo hiyo ndo inayozeesha maua. Ndizi, matofaa, mapeasi, yote yanaitoa, na msimu huu ndo watu wanapenda kuweka matofaa na maua pamoja kwenye meza kwa ajili ya picha. Kwa saa mbili tatu za wageni hakuna tabu, ila usiache kukucha. Waridi zinaumia, mikarafuu ya maua, yale yanayoitwa carnations, ndo inaumia zaidi.

Jambo la pili ni hita. Msimu huu huko Uingereza mnaanza kuwasha, na meza nyingi au kingo za dirisha ziko juu ya hita kabisa, ua linakaukia hapo. Sogeza. Usiku ukiweza lipeleke chumba chenye baridi zaidi.

Alafu waridi zenyewe zimesafiri. Nyingi mnazonunua huko zimekatwa Naivasha, zikapanda ndege, nyingine zikapitia mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi ndo zikafika kwako, kwahiyo kile kikonyo mwisho wake umeshaziba. Ukifika nyumbani kata upya sentimita mbili tatu kwa mshazari na kisu kikali, toa majani yote yatakayozama, maana jani likiwa ndani ya maji linaoza na maji yakishakuwa na bakteria ndo wanaziba njia ya maji kwenye kikonyo na kichwa kinainama. Vesi ioshe na sabuni kama unavyoosha glasi ya kunywea. Kile kipakiti cha chakula cha maua kinachokuja nacho kitumie, na kama hakuna tengeneza mwenyewe, lita moja ya maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha jiki isiyo na manukato, na vijiko viwili vya chai vya maji ya limau. Sukari inalisha, limau inasaidia maji kupanda, jiki inaua bakteria, ukiweka sukari peke yake unawalisha bakteria. Badilisha kila baada ya siku mbili na ukate tena kidogo.

Kwahiyo mwenye duka msamehe kwanza, jaribu hivi, alafu kama bado zinainama ndo urudi kwake.

Jambo sana Mama Shangazi. Miye niko mama wa Bukavu, tunaishi hapa Liège. Mwisho wa mwezi wa kumi tulialikwa kwa mama mukwe wa binti yangu, ni mutu wa hapa. Nikapita ku duka nikaona krisantemu ya muzuri sana, bei chini, nikabeba pot mbili. Ile mama alipokea lakini sura ikabadirika, akaenda kuziweka inje. Binti ananiambia nilileta maua ya makaburi. Ni kweli? Na juu ya nini wanauzisha fasi yote? – Mama wa Liège

Jambo sana mama. Ni kweli anachosema binti, lakini usibebe aibu, hukukosa heshima, ulipeleka zawadi kwa moyo mweupe na kitu hicho hicho ungekipeleka Ohio wangekushukuru.

Ubelgiji na Ufaransa tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na kesho yake ni ya marehemu, watu wanaenda makaburini kusafisha na kuweka maua, na ua lililozoeleka ni krisantemu kwa sababu ndo linalochanua wakati huo na linavumilia baridi. Ufaransa desturi hiyo ilishika sana baada ya Vita Kuu ya Kwanza makaburi ya askari yalipopambwa nayo. Ndo maana unaziona zimejaa madukani mwisho wa mwezi wa kumi, watu wananunua kwa ajili ya wafu wao. Mtu wa makamo akiletewa mlangoni wiki hiyo moyo unashtuka. Italia nako ni hivyo hivyo. Ila ukienda Japani krisantemu ndo nembo ya mfalme wao, ina petali 16, na wana sikukuu yake tarehe 9 Septemba.

Kwahiyo hapo Liège ndani kwako weka tu ukipenda, nyumba ni yako, lakini ukitembelea mtu wa huko au ukimkaribisha mtu mzima wa huko mezani, tumia maua mengine. Dalia nakupendekezea kwa moyo wote. Asili yake ni Mexico, tangu 1963 ni ua la taifa kule, na msimu wake unakwisha na baridi ya kwanza inayogandisha, kwahiyo mwezi wa tisa na wa kumi mwanzoni sokoni utayapata ya rangi zote za moto. Nunua yaliyofunguka karibu kabisa maana tumba la dalia likishakatwa halifunguki tena, na ujue hayakai sana, siku nne tano hivi, kwahiyo nunua jana ya siku ya wageni.

Mengine ni haidranjia. Mwisho wa msimu rangi zake zinageuka kuwa kijani na zambarau iliyofifia, ukigusa petali ukasikia zimekuwa kama karatasi basi kata, weka kwenye vesi yenye maji kidogo chini, sentimita tano tu, na uyaache maji yaishe yenyewe bila kuongeza. Wiki mbili tatu limekauka na rangi imebaki, utakaa nalo mpaka Pasaka. Na huyo mama mkwe mpelekee hilo, mama, mpe na maneno kwamba kwenu Bukavu ua ni ua. Ataelewa.

Hi Shangazi, swali fupi tu. Nina paka, niko Toronto, maua gani ya msimu huu nisiingize ndani? – Zuu

Zuu mpenzi, lili. Lili za aina yoyote usiingize kabisa, hata unga wake wa njano ukimwangukia paka akajilamba, hata maji ya vesi akiyanywa, figo zinakufa. Ukiona ametafuna usisubiri dalili, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Krisantemu haimuui kirahisi ila inamtapisha na kumtoa mate, iweke pasipofikika. Waridi na alizeti hazina shida kwake.

Shangazi habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi hapa Minneapolis, hela ya maua sina, nimeona nichume matawi yenye majani mekundu msituni nipambe chumba. Kesho yake yote yamejikunja na kudondoka, na maji nimeweka! Kuna dawa? – Kaka wa Minneapolis

Wazo lako nalipenda kuliko barua zote, maana uzuri wa msimu huu uko hapo kwenye majani.

Maji hayakusaidia kwa sababu tawi lilishaacha kunywa. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ile kijani, kijani ikiisha njano iliyokuwa imejificha chini yake inaonekana, na nyekundu mti unaitengeneza wakati huo huo, na huku kwenye shingo ya jani mti unajenga ukuta mdogo unaoziba njia ya maji ili jani lianguke bila kuacha kidonda. Kwahiyo jani lililoiva rangi vizuri ndo lenye mlango uliofungwa. Hilo likaushe peke yake bila tawi: okota yaliyoanguka siku hiyo hiyo yakiwa laini, yapange kati ya karatasi ndani ya vitabu vizito, acha wiki moja au mbili. Ukitaka yang'ae yeyusha nta ya nyuki kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya maji ya moto, chovya jani mara moja, litundike na kibanio likauke. Ukitaka ya haraka kabisa, weka kati ya karatasi mbili za nta za jikoni, juu weka kitambaa, piga pasi.

Ukitaka tawi zima likae basi likate mapema, majani yakiwa bado hayajageuka au ndo yanaanza. Nunua gliserini duka la dawa, changanya moja ya gliserini kwa mbili za maji ya moto, ponda mwisho wa tawi na nyundo, simamisha humo wiki mbili tatu. Tawi linakunywa gliserini badala ya maji, majani yanakuwa ya kahawia au shaba na yanabaki laini miaka. Mwaloni na mkaratusi yanapokea vizuri sana.

Sasa msituni, kijana wangu, kuna vitu viwili. Kuna mmea unatambaa, una majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na msimu huu unakuwa mwekundu mzuri mpaka mkono unakwenda wenyewe. Usiguse. Una mafuta yanayobabua ngozi, hata ukikauka yanabaki, na ukichoma moto moshi wake unaingia kwenye mapafu. Cha pili ni ule mti unaozunguka miti mingine wenye vijitunda vya chungwa ndani ya maganda ya njano, watu wanautengenezea mashada ya mlangoni, umetoka Asia Mashariki na unanyonga misitu ya huko, Minnesota umo kwenye orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku, usiubebe kabisa kwa sababu ndege wanakula vijitunda na kuvisambaza. Na hifadhi nyingi hawaruhusu kuchuma chochote, uliza kwanza. Mi ningeomba kwa majirani tu, wanakusanya majani mifuko kwa mifuko na kuyatupa, watakushangaa na watakupa.

Shangazi shikamoo, nasoma kozi ya kupanga maua hapa London. Mwalimu anatumia ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua kwa kila kitu, wengine darasani wanasema ni mbaya. Ukweli ni upi? – Mwanafunzi wa maua

Marahaba. Ukweli ni kwamba ni plastiki. Ilibuniwa Ohio mwaka 1954, ilirahisisha kazi sana, siwezi kubisha, lakini haiozi, inamomonyoka tu kuwa chembe ndogo ndogo zinazokwenda na maji ya sinki mpaka mtoni. Chama cha kifalme cha bustani hapo hapo Uingereza waliipiga marufuku kwenye maonyesho yao kuanzia 2021, mwaka ambao maonyesho ya Chelsea yalisogezwa mpaka mwezi wa tisa kwa sababu ya korona na watu wakaona dalia na alizeti pale badala ya maua ya mwezi wa tano.

Jifunze waya wa banda la kuku. Kata kipande, kikunje kiwe mpira uliolegea, kiingize kwenye chombo, kikonyo kinapita matundu mawili matatu na kinasimama unavyotaka, baada ya hapo unaosha na kutumia tena miaka. Au utepe wa gundi unauvusha kwenye mdomo wa vesi uwe viraba. Au kile kibao kizito cha misumari cha Kijapani, bei yake iko juu ila unanunua mara moja. Mwalimu mheshimu, jifunze njia yake upate cheti, ila kwa wateja wako tumia waya.

Shangazi sasa, aki nisaidie. Niko Nairobi, bibi yangu alikulia Boston na kila October anakuwa na huzuni juu amemiss venye kwao kunakuwa. Nataka nimpangie sebule ikae hivo before atoke job. Huku si hatuna hiyo season, nitatoa wapi? – Baba Njeri, Nairobi

Baba Njeri, Mungu akubariki, huyo mama amepata mume.

Msimu hamna kwa sababu hapo mlipo karibu na ikweta mchana na usiku ni sawa sawa mwaka mzima, ndo maana hata yale mashamba ya Uganda yanayokuza vipandikizi vya krisantemu vya kupeleka Ulaya inabidi wawashe taa usiku kuudanganya mmea usichanue mapema. Lakini vifaa unavyo kuliko huyo wa Boston. Nenda City Market pale Muindi Mbingu asubuhi, waambie wauza maua unataka waridi za chungwa na zile zilizopauka rangi ya kahawa ya maziwa, na vile vijitunda vyekundu vya haiperikamu, hivyo vinalimwa hapo Kenya na kupelekwa kwenye mabunda ya msimu huu Ulaya nzima. Ongeza alizeti. Mkaratusi upo kila barabara, omba matawi.

Alafu pita Gikomba au soko lolote la nafaka utafute mashuke ya mtama mwekundu yakiwa na vikonyo, na mahindi makavu yenye maganda, na vibuyu vikavu. Kibuyu ukitumia kama vesi weka glasi ya maji ndani maana chenyewe kinavuja na kuoza. Mtama na nyasi ndefu ndo vipe nafasi kubwa, simamisha pembeni ya kochi kwenye chungu cha udongo, waridi na vijitunda weka mezani chini. Boga moja zima miguuni. Yale matunda ya mbarika mekundu yenye miiba usiyachukue hata ukiyaona yanapendeza, mbegu zake ni sumu kali na nyumba ina mtoto.

Majani mekundu ya Boston usihangaike kuyaiga ya karatasi. Muulize kama ana ndugu kule wa kumtumia bahasha ya picha za mti wa kwao, uzitie kwenye fremu karibu na huo mpangilio. Na mtama huo kabla ya kuuingiza ndani ukung'ute vizuri uani, unadondosha punje, na panya wa Nairobi wanajua kunusa.